Tumbo la Sponji

Jumanne, tarehe 9 Juni. Asubuhi mawingu mazito na baridi kidogo, mvua haikunyesha.

Mpendwa mshauri, nakuandikia nikiwa nimechoka, na ukiona maneno yangu ni makali ujue si wewe uliyeniudhi.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea sebuleni karibu na dirisha, na mume wangu ni mshereheshaji, yule mtu wa kushika kipaza sauti kwenye harusi na mahafali, na kwa kuwa ni mnene tangu ujana watu wanamwita Tanki, naye jina hilo kaligeuza kazi, akiingia ukumbini anajigonga tumbo na kipaza sauti, du, du, anasema, "Tanki limejaa, sherehe ianze," na watu wanacheka kabla hajasema lolote la maana.

Mwaka jana alipimwa damu na akapigwa picha ya tumbo, daktari akamwambia ini lake limejaa mafuta, halimuumi leo lakini likiachwa linaweza kuvimba na kupata makovu, na kwa hatua aliyofikia dawa kubwa ni chakula na mazoezi. Nilishukuru, maana hivyo vyote viko ndani ya uwezo wetu. Tukaacha soda na juisi za pakiti, wali ukapungua kwenye sahani na mboga zikaongezeka, vya kukaanga tukavisahau, na kila asubuhi tukawa tunauzunguka uwanja wa shule mpaka jasho linatoka, na suruali zake nikawa nazipunguza kiuno mwezi baada ya mwezi, na alipopimwa tena daktari alifurahi.

Hapo ndipo watu walipoingia. Wifi yangu alikuja, akakalia kigoda changu cha cherehani, akamtazama kaka yake akipita, akaniuliza, "Wifi, huyu unamlisha nini, hewa?" Mama mkwe akapiga simu analia, anataka kujua ni ugonjwa gani tunamficha. Nikamwomba mume wangu awaambie ni ini, akakataa katakata. "Nikisema ini watasema pombe, na mimi hata ladha ya bia siijui." Kisha mama mmoja aliyemkodi kwa mahafali ya mwanawe akasema mbele ya wageni, "Tulimkodi Tanki, mmetuletea kopo." Kesho yake mume wangu akaja kwenye meza yangu ya kukatia, akasema, "Mama watoto, wewe si fundi? Nishonee tumbo."

Nikamshonea. Sponji ya viti, kitambaa cha pamba, mikanda miwili ya kufungia mgongoni, likakaa vizuri mpaka na mimi nikacheka. Nilidhani nimepata njia, aende kazini na tumbo la bandia na nyumbani abaki na ini lake zima. Kumbe Tanki akirudi na sahani zake zinarudi. Wenye sherehe wanamjazia chakula mlima, naye anakula ili walisadiki lile tumbo, na soda juu yake, na asubuhi anasema amechoka, uwanja upo tu, hautahama. Baada ya muda akaniambia sponji inambana, nipunguze kidogo. Nikapunguza. Akarudi tena, nikapunguza tena, na kwenye shajara yangu nikaandika "nimerekebisha tumbo," basi, kama vile narekebisha pazia.

Jana nikamwambia alivue nilifue. Nikafungua mikanda, nikalivuta, nikaliweka mezani. Shati halikushuka. Tukatazamana, yeye akasema, "Limezoea." Mshauri, sikucheka.

Mwezi ujao anatakiwa arudi kupigwa picha na anasema haendi. Jumamosi ana harusi, na ameniomba nilitoboe tumbo matundu lipitishe hewa. Nikikataa anasema namnyima kazi, nikikubali namshonea ugonjwa kwa mikono yangu. Nifanyeje?

Nalala sasa, saa saba kasoro.

Fundi

JIBU

Dada Fundi,

Pole. Pole imeisha, sasa nisikilize.

Mteja akikwambia nguo inambana, unashika kwanza futi au mkasi? Futi iko shingoni mwako kutwa. Ungekuwa umemshonea jirani ungempima. Huyu ni wako, ukapunguza sponji mara mbili bila kuuliza kilichoongezeka ni nini. Ulijua, ukaogopa kujua. Siongezi hapo, maana naona umeshajisema mwenyewe.

Mume wako nitamwambia yeye moja kwa moja, na wewe msomee kwa sauti. Bwana Tanki, watu wanakukodi kwa mdomo wako. Tumbo analo kila mtu pale ukumbini, mbona hawapewi kipaza sauti? Huyo mama wa kopo kasema neno moja akaenda zake kulala. Wewe ndiye uliyebaki na ini. Na hiyo aibu ya pombe iweke chini. Ini haliulizi kama mafuta yametoka kwenye chupa ya bia au ya soda. Sukari nyingi, vyakula vya kukaanga, sahani za kurundika na kukaa bila kutembea vinatosha kabisa kulijaza, hata kwa mtu asiyejua ladha ya bia. Waambie mama yako na dada yako hivyo hivyo. Ukiendelea kuwaficha wataendelea kubuni, na watakayobuni ni mabaya kuliko ini.

Mna bahati ambayo wengi wanaoniandikia hawana. Mmeshaijaribu dawa na mmeiona inafanya kazi. Mafuta ya ini hupungua mtu anapopungua uzito taratibu na kuutumia mwili wake, na yakianza kupungua hayahitaji sherehe wala matangazo. Basi rudini uwanjani, wote wawili, kesho asubuhi. Akisema amechoka, tembeeni jioni. Mguu haujali ni saa ngapi. Ngazi za ukumbini apande mwenyewe, viti avipange na vijana, hayo nayo ni mazoezi. Lakini asije akajinyima chakula kwa hasira ili apungue haraka kabla ya picha, hiyo nayo inaweza kuliumiza ini. Na zile chai za kusafisha ini anazouziwa mtu barabarani, msizinunue.

Siku ya sherehe ale nyumbani kabla ya kutoka, mboga, maharage, kipande cha nyama isiyo na mafuta, ashibe. Huko akipewa sahani achukue kidogo na ashukuru. Maji badala ya soda. Akishindiliwa, aseme daktari kamkataza. Hakuna mwenye sherehe anayetaka mshereheshaji aanguke kati ya keki na picha.

Kupigwa picha anakwenda, na wewe unakwenda naye. Majibu yakiwa mabaya, ni afadhali myasikie wawili mapema kuliko ayasikie yeye peke yake mambo yakiwa yameharibika.

Lile tumbo usilitoboe. Lifumue. Mshonee suti ya kumtosha mtu aliyepo, si yule aliyekuwepo. Na hiyo saa saba kasoro uliyoniandikia kwa fahari, kalale mapema. Siwezi kuwashauri watu wanaoamka wamechoka watembee.

Mshauri wako

Kabla hatujachapa barua hii, tulimpelekea Fundi jibu lake. Ametujibu hivi:

Jumatatu, tarehe 22 Juni. Asubuhi jua, umande mwingi uwanjani, viatu vimelowa.

Mshauri, nilimsomea kwa sauti. Kwenye "mbona hawapewi kipaza sauti" alitabasamu, kwenye soda alinuna. Nilifumua tumbo akiwa anaangalia, na kila uzi ulipokatika alivuta pumzi kama anang'olewa jino.

Jumamosi ile ya harusi alipanda jukwaani na suti inayomtosha. Mtu akapiga kelele nyuma, "Tanki limetoboka," naye akajibu, "Halijatoboka, liko kwenye sevisi, kuleni nyinyi." Walicheka. Si kama zamani, lakini walicheka, na alirudi nyumbani na njaa.

Picha bado wiki mbili. Amekubali kwenda.

Leo wifi alikuja, akakalia kigoda changu, akainuka akakigusa. "Wifi, mto laini hivi, sponji umeitoa wapi?"

Nikamwambia, "Kwa kaka yako." Nikamweleza yote, ini, uwanja, kopo. Akauliza sisi huwa tunaanza kutembea saa ngapi.

Nalala sasa, saa tatu na robo.