Kitabu chenye Mlima wa Moto

Jumatatu, 7 Oktoba

Viazi vimeungua tena. Lawama ni za vitabu. Mkono mmoja mwiko, mkono mwingine kitabu, na binti yangu Keza ananivuta sketi anataka kuona picha.

Baba Keza amevuka kwenda Kongo asubuhi. Ni fundi mwashi, anajenga nyumba ya mtu kule Goma. Siku hizi wanafunga mpaka mapema, kwa hiyo analala huko hadi Ijumaa. Sipendi. Nyumba inapoa.

Mchungaji ametupa vitabu vinne vya watoto, tuchague kimoja cha shule ya Jumapili. Tuko watatu: mimi mwalimu wao, Mzee Kalisa na Maman Solange. Cha kwanza, watoto wanamshukuru Mungu kwa theluji. Theluji, hapa Gisenyi! Cha pili, Kiswahili chake kimepinda. Hata mimi niliyesomea Karagwe, Tanzania, nimerudia kila sentensi. Cha tatu chembamba, cha kijivu, mchunga kondoo anamtafuta kondoo wake, basi. Cha nne chekundu. Karatasi nzito, picha nzuri kweli. Nimekipenda kabla sijakisoma.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimemsomea Keza kile chekundu. Ana miaka sita. Akipiga miayo, kitabu kimefeli. Leo hakupiga hata mmoja.

Kwenye ukurasa wa mlima wa moto alinishika mkono nisifungue mwingine. Mlima mweusi, kilele chekundu, na watu wamepanga mstari wanauendea, mizigo kichwani na mgongoni. Chini imeandikwa kwamba hao ni watu waliomwacha Mungu. Nikamweleza kwamba ile mizigo ni dhambi zao. Akaitikia kwa kichwa. Nikajisifu moyoni: mwalimu ni mwalimu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Kikao kanisani. Nimekisifia chekundu kwa kinywa changu mwenyewe, mbele ya Mchungaji. Mzee Kalisa ni askari mstaafu aliyekulia Uganda. Alipoona ule mlima alipiga meza kwa furaha. "Madam, watoto bila disiplini ni kundi la mbuzi. Hii picha itawanyoosha." Maman Solange, muuza vitenge, mzaliwa wa Goma, alikipokea. Alikitazama, akakirudisha mezani kifudifudi. Nilidhani ana haraka ya kurudi dukani.

Tumekubaliana. Mchungaji ataagiza wiki ijayo, kila mtoto apate chake.

Keza hakula jioni. Amekataa pia kuombea chakula, yeye ambaye hugombania zamu. Tumbo, nadhani.

Jumamosi, 12 Oktoba

Baba Keza alirudi jana. Mtoto amemganda kama kupe. Amemnusa shati, mikono, hata nywele. Nikacheka. Keza akanikazia macho, sijawahi kumwona hivyo.

Jioni mawingu yakafunguka na mlima wa volkano wa ng'ambo, juu ya Goma, ukawaka kileleni, wekundu wetu wa siku zote. Keza akaingia ndani, akafunga dirisha.

Bado haombi. Nimemwambia afumbe macho, akafumba mdomo.

Jumatatu, 14 Oktoba

Kibali cha Baba Keza cha kuvuka mpaka kimepotea. Hukaa mfuko wa ndani wa koti, hakitoki hapo. Tumegeuza godoro, tumemwaga kabati zima sakafuni. Akanipigia kelele kwamba vitabu vyangu vimejaa kila mahali, nyumba haina utaratibu. Nami sikunyamaza. Nilimwambia mengi, mengine hayakuhusu kibali.

Keza alikaa kwenye kigoda akitutazama. Hakulia.

Baba Keza hakuvuka. Msimamizi wake amepiga simu: asipofika wiki hii, anaweka fundi mwingine. Tukikosa kazi hii sijui tutashika nini.

Jumanne, 15 Oktoba

Hatusemeshani. Kibali hakuna.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimekipata. Ndani ya mfuko wa maharage.

Nilikuwa nachambua, nikagusa kitu kigumu. Keza alipoona nimekiinua alipiga yowe, majirani wakaja. "Usimupatie! Ataenda ku moto! Kitabu inasema!"

Nilikaa chini palepale, maharage mapajani. Mlima mweusi, kilele chekundu. Mstari wa watu wenye mizigo. Kila asubuhi tukienda shule tunapita karibu na mpaka mdogo, ule wa watembea kwa miguu, na anawaona haohao: wamama na mabeseni ya nyanya, wanaume na magunia, wote wanaelekea upande wa mlima. Na kila Jumatatu baba yake yumo katikati yao, mfuko wa vifaa mgongoni. Mchoraji sijui alikuwa nchi gani. Amechora mtaa wetu.

Na mizigo ile nilisema ni dhambi. Ni mimi niliyesema.

Baba Keza akamuuliza taratibu kwa nini ameacha kuomba. Akamjibu: "Nikiomba, Mungu ataona Papa iko wapi."

Siku zote hizi alikuwa anamficha baba yake. Alimficha ili Mungu asimwone.

Nimelia jikoni. Nina hasira na mchoraji, na Mzee Kalisa na meza yake. Na mimi mwenyewe zaidi ya wote.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nilidhani Baba Keza atavuka leo. Badala yake amemrudishia mtoto kile kibali mkononi. "Weka, maman. Siku utaona ni sawa, utanipatia." Kisha akampigia msimamizi, akaomba hadi Jumatatu. Msimamizi akafoka, halafu akakubali. Jumatatu, basi, si zaidi.

Nimemwambia Baba Keza ana wazimu. Mtoto wa miaka sita kushika riziki ya nyumba! Akasema akimnyang'anya ataondoka na karatasi, mtoto atabaki na ule moto. Amesema kweli, na hilo limeniudhi kuliko yote.

Keza amelalia kibali chini ya mto.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimeomba kikao na nimetengua kauli yangu. Nikaeleza habari ya maharage, ya mstari wa mpakani, ya mtoto anayemficha baba yake. Nikasema kitabu hiki tusikilete.

Mzee Kalisa akasema mtu hageuzi neno kama chapati. Yeye hofu ndiyo iliyomtoa hai msituni, na ndiyo iliyompeleka kwa Mungu. Hilo alilisema kwa sauti ya chini, na naamini ni kweli. Lakini hasira zilikuwa zimeshanipanda. Nikamwambia hofu yake akae nayo, asiwarithishe watoto wetu. Mchungaji akakohoa. Kalisa ni mzee, sikupaswa kumjibu hivyo.

Ndipo Maman Solange akafungua mdomo. "Mi ile mwaka lava ya mlima ilishuka nilikimbia na batoto, moja ku mugongo. Mpaka leo huyo akiona nyekundu kule juu analia. Ile picha niliiona siku ya kwanza." Nikamuuliza mbona hakusema. "Mwalimu, we ulikuwa unaipenda sana."

Imenichoma. Bado inanichoma.

Mchungaji hakutaka kuamua. Amesema Jumapili niwasomee watoto kilekile, hadi ukurasa ule, sisi kamati tukiwa ndani, tuone. Nimekubali kwa sababu nilikuwa nimeshapayuka vya kutosha. Sasa najuta.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimefua, nimepiga pasi, nimesugua masufuria ambayo hayakuwa machafu. Nikiwasomea, nitawatia darasa zima hofu kama ya Keza. Nisipowasomea, Mzee atasema namkaidi Mchungaji kwa sababu ya binti yangu mmoja.

Kibali bado kiko chini ya mto. Baba Keza ananoa mwiko wake wa kujengea kana kwamba ana pa kwenda.

Jumapili, 20 Oktoba

Walijaa, mabenchi hayakutosha. Keza mbele. Mzee Kalisa nyuma, fimbo magotini, Maman Solange kando yake, Mchungaji mlangoni.

Nimesoma kurasa za mwanzo. Nilipofika kwenye ule mlima sikukigeuza kitabu waone. Nikakishika kifuani, nikauliza: "Nani ana mtu wake ng'ambo, upande wa mlima?"

Mikono. Sikutarajia mingi hivyo. Karibu darasa lote. Wakaanza kutaja bila kuulizwa: Papa, tate, yaani babu, kaka yangu, maman anauzaka samaki. Keza naye aliunyoosha wake.

Sikujua nifanye nini tena. Nilisimama tu, kidole kwenye ule ukurasa.

Mzee Kalisa alikuwa anaitazama ile mikono. Aliitazama hadi mmoja mmoja ukaanza kuchoka na kushuka. Kisha akaja mbele, fimbo ikigonga sakafu, akakichukua kitabu kwangu na kukiweka kwapani. "Wape ile ya kondoo," akasema. Akarudi kukaa.

Nikawasomea kile chembamba cha kijivu. Wawili walipiga miayo. Keza alitaka kujua kondoo alikuwa amepotelea wapi. Nikamwambia mbali sana, na mwenye kondoo akamfuata hukohuko.

Baada ya ibada nimemwomba Mzee radhi kwa maneno ya Ijumaa. Akanung'unika kwamba karatasi ya kile cha kijivu ni mbovu, itachanika kabla ya Krismasi. Ndicho tutakachoagiza.

Jumatatu, 21 Oktoba

Mvua ya alfajiri, halafu jua. Viazi havikuungua.

Baba Keza alivaa, akafunga mfuko wa vifaa, akakaa mlangoni. Hakuomba chochote. Mikono iliniwasha kwenda kupekua chini ya ule mto. Nikaishughulisha na chai.

Keza akaja na kibali amekikumbatia. "Papa, Mungu naye iko na karatasi ya kuvuka?"

"Mungu hawamuulizake karatasi. Anavukaka wa kwanza, siye tunamufwata."

Akafikiri. Akafikiri sana, chai yangu ikapoa. Kisha akampa.

Tumemsindikiza. Ameingia kwenye mstari, kati ya mwenye gunia na mwenye beseni, Keza akampungia mkono hadi hatukumwona tena. Mlima ulikuwa wazi. Keza aliutazama, kisha akanivuta sketi twende.

Mchana, kabla ya kula, amefumba macho bila kuambiwa. Amemtajia Mungu jina la baba yake, na mtaa anakojenga, na rangi ya geti la ile nyumba.