Masanduku ya Ghorofa ya Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Asubuhi manyunyu, kisha jua kali kabla sijafika kazini.

Wageni waliingia jana jioni na hoteli nzima imegeuka kambi. Walinzi kila kona, mpaka chumba cha mashuka. Ghorofa ya tatu wamepewa wakubwa wa upande mmoja, ya tano wakubwa wa upande wa pili. Ya nne imeachwa tupu kati yao. Meneja ndiye aliyeamua hivyo, na Dobi anasema hiyo ndiyo siasa pekee ambayo Meneja amewahi kuiweza. Majina ya nchi zao tumekatazwa kuyataja koridoni, kwa hiyo tunawaita wa Tatu na wa Tano.

Kinachogombaniwa ni chetu: lile daraja la mpakani, sisi na jirani. Jirani ana mkataba na wa Tatu. Serikali yetu imetia sahihi na wa Tano. Akiguswa mmoja wetu, mkubwa wake anaingia; akiingia mkubwa huyu, na yule hawezi kubaki nje. Lakini mezani sisi hatupo, wala jirani hayupo. Dobi kasema ni kama wapangaji wamegombana uani, halafu wenye nyumba ndio wanakunja ngumi. Nikacheka. Kisha nikamkumbuka mdogo wangu, Kitinda wetu, yupo na kikosi chake palepale darajani. Kicheko kikakatika.

Mama kauliza tena kama Kitinda atapata ruhusa wiki ijayo. Ndiye wa kumpeleka akafanyiwe upasuaji wa jicho. Mimi hanitaki mbele ya madaktari, eti nabishana nao.

Jumanne, 5 Machi

Baridi kidogo, upepo wa vumbi.

Nimekagua vyumba vya ghorofa ya tatu mwenyewe. Makabati tuliyoyapiga polishi wiki nzima — matupu. Henga zinaning'inia kama tulivyoziacha. Masanduku yamesimamishwa karibu na mlango, yamefungwa, hata ya balozi wao mzee. Niliumia. Ujinga, najua. Mtu unamwandalia chumba kama bwana harusi, yeye anakaa kama yuko stendi anasubiri basi.

Kabla ya chakula cha mchana nikapeleka mashati yaliyopigwa pasi ghorofa ya tano. Katibu wao ni dada mpole, lugha yetu ameisomea, anaiongea vizuri kuliko baadhi yetu. Akanishika mkono: "Dada, safari zangu zote sijaona vyumba safi namna hii." Nikavimba kichwa. Akauliza, bado anatabasamu, kama wenzao wa chini nao wameridhika.

Nikasema: "Watajuaje? Hata masanduku hawajafungua."

Ndivyo nilivyosema. Nayaandika kama yalivyotoka.

Tabasamu likamwisha. Akauliza, wote? Nikasema wote. Akanishukuru, akafunga mlango taratibu.

Ni mimi ninayewafundisha wahudumu wapya kwamba ya chumbani yanaishia chumbani. Kila anayeanza kazi namwambia, namkazia macho mpaka aitikie.

Jumatano, 6 Machi

Joto. Hakuna hata jani linalotikisika.

Kikao cha mchana hakikufanyika. Mkuu wa wa Tano eti anaumwa kichwa. Mhudumu aliyempelekea chai ameninong'oneza kwamba chumba kilijaa watu na ramani ziko kitandani. Nimemkatiza. Leo ndiyo najua kukatiza.

Jioni redio imesema meli za kivita za wa Tano zimesogea. Tahadhari tu, kasema msemaji.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua tangu alfajiri.

Wa Tatu nao wametangaza tahadhari yao. Jirani akafunga mpaka. Serikali yetu ikafuta ruhusa za askari wote. Yote kabla ya saa sita mchana, moja likivuta jingine, na mimi niko chumba cha mashuka nahesabu foronya nakosea, naanza upya.

Kitinda kapiga simu, sauti ya haraka. Nimwambie Mama asimsubiri. Kisha akacheka. Kambini gumzo ni moja: kumbe wa Tatu walikuja kwenye mazungumzo na hawakufungua hata masanduku. Kamanda wao kawaambia kwenye gwaride, huo ndio ushahidi kwamba walikuja kutupotezea muda huku wakijipanga.

"Wewe si uko hapohapo, dada? Ni kweli?"

Nikamwambia mtandao unakatika, simsikii. Nilikuwa namsikia mpaka anavyopumua.

Mama nimemwambia ruhusa imesogezwa. Kasema sawa, jicho limeshazoea kusubiri.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua imekatika. Ukungu dirishani.

Zipu ya sanduku la balozi mzee ilikwama, akaomba msaada. Ningeweza kumtuma mtu. Nikaenda mwenyewe, na kipande cha sabuni na koleo. Mzee aliwahi kuishi huku ujanani. Lugha yetu anaiongea polepole, kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Nikaipaka zipu sabuni, ikalainika, sanduku likafunguka.

Ndani nguo zimepangwa kwa tabaka. Kila tabaka shati, soksi, leso, na kikaratasi chenye tarehe, mwandiko wa mwanamke. Mzee akaona ninavyotazama, akaona haya kidogo. Kasema mkewe humpangia hivyo tangu waoane, kwa sababu akiachiwa kabati huvaa shati na suruali visivyojuana. Na vijana wake wa kazi amewazoesha hivyohivyo: mtu wa safari asitundike nguo, atasahau nusu. Hivyo tu.

Nikaomba ruhusa niinue nguo nione zipu kwa ndani. Uongo. Tabaka la chini kabisa lilikuwa la mwisho wa mwezi.

Walikuja kukaa.

Nikaketi kwenye zulia. Mzee akadhani nimechoka. Akanimiminia maji, akaninywesha kama mgonjwa. Tangu nianze kazi hii hakuna mgeni aliyewahi kunimiminia maji.

Nikapanda ngazi mpaka ya tano bila kupumzika. Katibu alinisikiliza amesimama, kalamu mkononi. Nilimweleza yote: tabaka, tarehe, mke. Kisha akasema taratibu kwamba ile habari ya kwanza wakubwa wake waliipokea usiku uleule, hakuna aliyeuliza imetoka wapi. Hii ya leo swali la kwanza litakuwa nani kanituma.

"Na hata wakiamini, dada. Sisi tumeshasogeza meli. Wao wameona, wamesogeza zao. Leo wanafunga masanduku kweli."

Nikamwomba aipeleke tu. Akasema atajaribu. Hakunitazama usoni.

Nikammwagia Dobi yote, katikati ya mvuke na mashuka. Akaegemea mashine akacheka mpaka akajifuta machozi. Eti najipa cheo. "Vita vizima vianzishwe na msimamizi wa vyumba? Hao walikuwa wanatafuta sababu, mama. Wasingepata masanduku wangepata soksi."

Nataka kumwamini. Labda wangepata soksi. Lakini walichopata ni changu, nilikipeleka kwa mkono wangu pamoja na mashati.

Jumapili, 10 Machi

Jua, anga safi, kama vile hakuna kitu.

Wa Tatu waliondoka jana asubuhi, wa Tano mchana. Katibu alipita mapokezi mbele yangu. Nilimtazama, akatikisa kichwa kidogo sana. Sijui ilikuwa "sikuipeleka" au "hawakusikia". Sikumuuliza.

Leo nimeingia ofisini kwa Meneja nimweleze. Sikufika mbali. Akainuka akafunga mlango, akasema mimi sijasema kitu na yeye hajasikia kitu, na vyumba vya ghorofa ya tatu vimechukuliwa na maofisa wa jeshi letu, viwe tayari saa kumi. Nikavitandika. Viliisha saa tisa.

Redio jioni: risasi zimesikika darajani. Sisi tunasema wameanza wao, wao wanasema tumeanza sisi. Wa Tano wametuahidi hawatatuacha. Wa Tatu wamemwahidi jirani hivyohivyo.

Nimempigia Kitinda tangu magharibi. Inaita, haipokelewi. Saa sita usiku ikapokelewa na mwanamume nisiyemjua. Simu zote zimekusanywa, kasema, wenyewe wamevuka daraja. Nikauliza wamevuka lini. Kasema, usipige tena, dada, chaji inaisha na hizi simu wenyewe watazihitaji kupiga nyumbani wakirudi. Akakata.

Mama akaita kutoka chumbani: "Umempata?"

"Nimempata."

"Anasemaje?"

"Anasema usimsubiri, ukafanyiwe jicho. Nikupeleke mimi."

Akacheka gizani. Kasema huyo mtoto anamwamuru kama marehemu baba yake, na kwamba nikienda nisibishane na daktari. Halafu kaniagiza nimwambie Kitinda, akipiga tena, ajifunike vizuri, kule mtoni kuna baridi. Nikasema nitamwambia.

Sasa anakoroma. Simu iko kifuani kwangu, sauti nimeifungua yote. Nilisinzia saa kumi kasoro robo alfajiri, nikashtuka, nikatazama simu: saa kumi na dakika tano, haijaita. Nalala.