Sala Yangu Haifiki Amina

Mpendwa mshauri,

Shikamoo. Naomba unisaidie, na naomba usitaje jina langu, ingawa nikisema shuleni wananiita Kamusi, wenzangu watanijua, basi na wanijue, nimechoka kulibeba jambo hili peke yangu. Mimi ni msichana wa sekondari, si msemaji, napenda vitabu kuliko kukaa na watu, na katika kikundi chetu cha maombi kila tukikutana wanasema Kamusi atuombee, eti sala zangu ni tamu, nami nafumba macho naomba na wao wanaitikia Amina kwa nguvu, lakini nikirudi nyumbani nikipiga magoti peke yangu siwezi kuomba.

Siyo kwamba sina imani. Ninayo. Tatizo ni kwamba nikianza tu naisikiliza sentensi yangu kama mwalimu anayesahihisha insha, nikirudia neno nalifuta kichwani naanza upya, nikisema "Baba mwema" naona la, kila mtu husema hivyo, natafuta jingine, naanza upya tena, mpaka miguu inakufa ganzi na mdogo wangu tunayelala naye chumba kimoja ananiuliza, "Dada, umefika Amina au bado uko kwenye utangulizi?" Nacheka naye, lakini inaniuma kwa sababu ni kweli, nainuka bila kumwambia Mungu chochote.

Sasa kilichonifanya niandike ni hiki. Mama yangu ni fundi cherehani, anashonea sebuleni karibu na dirisha, na kwa muda mrefu macho yake yalikuwa na ukungu, daktari akasema ni mtoto wa jicho, mama akawa anashona kwa kupapasa, mishono inaenda kombo na wateja wanapungua. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa namtilia uzi kwenye sindano, kila rangi na sindano yake, nazichomeka kwenye kimto ili nikiwa darasani asikwame, na mikono ikifanya hivyo nilikuwa nasema moyoni, Mungu, mama aone. Hilo tu. Sikulihesabu kuwa sala, maana halikuwa na mwanzo wala mwisho.

Mama akafanyiwa upasuaji, tunashukuru ulikwenda salama, akapona taratibu. Juzi nimerudi kutoka shule nikakuta kimto kiko vilevile nilivyokiacha, hajakigusa, na mama ameshika sindano yenye uzi mweusi ambao ndio uliokuwa ukimsumbua kuliko nyuzi zote, akaninyooshea akasema, "Njoo uone. Nimetia mwenyewe." Nikamkumbatia nikasikia mdomo wangu unasema, "Ee Mungu, ona," halafu nikajishika, nikaona hiyo si shukrani ya kumfaa Mungu aliyetutendea jambo kubwa hivyo, nikakimbilia chumbani niombe vizuri, nikaanza na "Ee Mwenyezi uliyeumba nuru," nikasita kama niseme nuru au mwanga, na katika kusita kwangu furaha ikapoa kama chai iliyosahauliwa mezani. Nikarudi sebuleni bila kushukuru.

Jumapili ya mwisho wa mwezi mama atasimama mbele ya kanisa kutoa shukrani, na ameniomba mimi ndiye niombe. Nikamwambia wapo wazee wa kanisa, yupo shangazi. Akasema, "Wewe ndiye uliyekuwa macho yangu. Mwingine ataombaje?" Mshauri, najua nikisimama maneno yatakuja na watu watajifuta machozi, lakini sitaki kumpa Mungu insha kwa ajili ya macho ya mama yangu. Je, nimkatalie? Au mtu anaweza kufundishwa kuomba kwa kweli?

Ni mimi, Kamusi.

*

Mwanangu Kamusi, marahaba.

Pole kwanza, maana kupiga magoti na kuinuka mtupu ni mzigo, na wanaoubeba ni wengi kuliko unavyodhani, wakiwemo watu wazima wenye sauti kubwa kanisani. Sasa acha nikukaripie.

Barua yako ina sentensi ndefu kama foleni ya hospitali, na nimeelewa kila neno. Ulikuwa na shida, ukaisema. Mbona mimi nisiyekujua unaniletea maneno yako na mikunjo yake, na Baba aliyekuumba unataka kumpelekea yaliyopigwa pasi tu?

Unasema huombi. Binti, umeomba kila asubuhi, sindano mkononi, na ombi lako limejibiwa, halafu unakataa kuliita sala kwa sababu halikuvaa sare. Na siku ile uliposema "Ee Mungu, ona," hukuwa unajiandaa kushukuru. Ulikuwa umeshashukuru. Uliondoka kwenye sala ukaenda chumbani kutafuta sala. Wahenga walisema lililo moyoni ulimi huiba. Wako ulikuwa umeshaiba, ukauamuru urudishe.

Kupenda maneno si dhambi. Ni zawadi, na wenzako wanafaidika nayo. Lakini hakimu uliyemweka kichwani si Mungu, ni wewe. Mfukuze.

Usimkatalie mama, ila usisubiri Jumapili. Leo vuta kigoda ukae karibu na cherehani yake, macho wazi, umwambie Mungu kwa sauti kitu kimoja unachokiona: kidole cha mama, uzi, gauni la mteja aliyerudi. Sema Amina, inuka, kaoshe vyombo. Kesho fanya hivyo tena. Sala ikitoka fupi, iache fupi. Neno likijirudia, liache lijirudie. Mungu hachoki kuambiwa asante. Sentensi ikikatika, nyamaza hapohapo ukae naye, maana maneno yetu yakiisha Roho huendelea kutuombea. Kuanza upya ni marufuku. Mdogo wako naye mwite muombe pamoja, maana anaonekana hana subira na utangulizi. Na kwenye kikundi, mwachie mwingine aombe mara mojamoja, wewe uitikie Amina kama wenzako. Utapumzika.

Mweleze na mama hayo uliyonieleza. Ameshona muda mrefu bila kuona vizuri anachoshona. Atakuelewa kuliko mimi.

Nilipofika kwenye habari ya uzi mweusi niliweka barua yako chini nikasema asante, Bwana, kwa mama nisiyemjua. Sikuongeza kitu.

Jumapili usiandike chochote. Simama, mshike mama mkono, wala usihangaike kutafuta mwanzo. Unao, uliuacha sebuleni: Ee Mungu, ona, mama ametia uzi mwenyewe. Hapo hata ukishindwa kuendelea, kanisa zima litaitikia, na utakuwa umefika Amina.