Ramani Zimerudi, Maneno Hayakurudi

Jumatatu, 3 Machi
Umeme umekatika mara mbili kabla ya saa nne. Seva imezima, imewaka, imezima tena. Humo ndimo sisi sita wa ofisi tunamofanyia kazi yote ya mipango ya ardhi ya vijiji: ramani, na pembeni mwa kila ramani, mazungumzo ya nani kakubali nini. Diski imeanza kugonga. Nimemwambia Mama Ngonyani, mkurugenzi wetu, tuhamie mashine mpya Ijumaa. Kauliza, si nakala ipo? Nikasema ipo. Tangu Juni naweka nakala kila wiki. Kuirudisha sijawahi kujaribu hata mara moja. Hilo sikumwambia.

Jumanne, 4 Machi
Nimejaribu. Kwenye mashine ya akiba, ramani zote zimerudi. Nikafurahi peke yangu kama mjinga. Kisha nikafungua ramani ya chemchemi, ile ya vijiji viwili vya Namtumbo. Pembeni tupu. Nyingine, tupu. Mazungumzo yanakaa sehemu nyingine ya seva, na nakala yangu haijawahi kuigusa. Miezi tisa!

Jumatano, 5 Machi
Jana sikusema. Leo nimesema. Maneno niliyapanga njia nzima kutoka nyumbani Ruhuwiko, nilipofika yote yakanipotea. Mama Ngonyani hakufoka. Afadhali angefoka. Kauliza tu, "Sasa muda wote huo ulikuwa unanakili nini?"

Nimewafungia wenzangu seva ili ninakili mazungumzo kabla diski haijafa. Wamenuna. Mmoja kasema nimewapa likizo bila kuombwa. Kazi inakwenda mwendo wa kinyonga. Nakaa, nasimama, naenda kuisikiliza, narudi.

Alhamisi, 6 Machi
Imekufa saa tano asubuhi. Na umeme ulikuwepo.

Vijiji kumi na kimoja vimepona. Vile viwili vya chemchemi, hapana. Nilianza na mazungumzo ya zamani, na ya chemchemi ndiyo mapya kuliko yote. Mtu mwenye akili angeanza na hayo. Karatasi hakuna, tulikuwa tunajisifu kwamba karatasi tumeachana nazo. Wazee wa vijiji hivyo walikaa vikao vitatu ndipo wakakubaliana. Najichukia.

Jumatatu, 10 Machi
Namtumbo. Mama Ngonyani kasema niende mwenyewe, nikaseme kwa mdomo wangu. Tumekaa darasani, shule ya msingi. Mzee Gama wa kijiji cha juu, kwenye chemchemi. Bibi Mbano wa kijiji cha chini, kisicho na maji. Kamati zao nyuma. Nikawapa shikamoo, nikaeleza: maandishi ya makubaliano yamepotea, kosa ni langu.

Mzee Gama kauliza kama kweli hakuna kilichobaki. Hakuna, nikasema. Akajiweka sawa kwenye benchi. Yeye, kasema, hakumbuki kama kijiji chake kilikubali watu wa chini wateke maji. Nilitamani ardhi inimeze.

Bibi Mbano hakubishana naye. Alinigeukia mimi.

"Mimi nakumbuka tulichotoa sisi. Tuliwaachia lile bonde la mpunga. Andika hilo kwanza, mwanangu."

Hakuna aliyemwuliza. Angenyamaza, bonde lingebaki lao. Nikaandika. Watu wa kamati yake walimtazama vibaya. Halafu Mzee Gama, taratibu, kasema maji nayo waliyakubali. Na njia ya kwenda kuteka, upana hatua sita. Hiyo njia hata mimi nilikuwa nimeisahau.

Jumanne, 11 Machi
Mvua tangu alfajiri. Nimeyaingiza yote kwenye seva mpya, nikachukua nakala, nikairudisha kwenye mashine ya akiba. Nikasoma maneno ya Bibi Mbano huko, mstari kwa mstari. Yapo.

Saa nane Mzee Gama kapiga simu. Kuna upenyo wa kupitisha ng'ombe kando ya ile njia, jana ulimtoka kichwani. Watu wa chini waliuomba, na watu wake wakaukubali. Kaomba niuongeze.

Nimeuongeza.