Mlango wa Upande wa Mama

Tongaren, Jumamosi

Na bado sijamjibu yule fundi wa Kitale. Amekuja leo kutazama gari la marehemu baba, lile jekundu la spoti lenye viti viwili. Alipofungua boneti, akakuta kuku ametaga mahali pa injini.

"Mwalimu, kama ni kutengeneza, injini ya hii tutaitoa wapi bana? Si uniuzie tu."

Injini najua ilikoenda. Baba aliing'oa akaifunga kwenye mashine ya kusaga mahindi. Ikawasagia majirani mpaka sisi watoto tukamaliza shule, kisha ikafa. Miaka yote hiyo nilimwona mjinga. Sikuwahi kumwambia kwamba baadaye...

Kila Jumapili wakitoka kanisani aliliosha gari lile, wakaketi ndani yeye na mama, wakanywa chai humo. Hawakwenda popote.

Fundi alipoondoka nilimwambia mama nitaliuza. Aliendelea kupepeta maharagwe.

"Ni sawa. Wewe ndiye mkubwa sasa."

Nikadhani yameisha. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Mlango wa upande wangu hufunguka kwa ndani tu. Baba yako alikuwa anaingia kwanza, ananifungulia. Tangu tumzike, kila Jumapili nasimama hapo kidogo, halafu narudi jikoni."

Nimekuwa nikimwona hapo. Nilifikiri anatafuta mayai.

Fundi nitamjibu wiki ijayo, nikipata la kumwambia. Kesho nitaingia kwanza mimi.