Nilivyomnyamazia Riziki

Jumanne jioni

Leo nimemnyima Riziki mlango. Huyu mshonaji kutoka Kongo ndiye rafiki niliyebaki naye hapa Kiptere tangu mzee wangu afariki.

Mwaka aliofika, redio ilituambia wakimbizi wameteseka, tukawachangia blanketi kanisani. Siku hizi kila asubuhi ni wakimbizi wezi, wakimbizi magaidi. Nilidhani hayo hayaniingii.

Kumbe. Alipobisha, nilifunga komeo.

“Mama Chebet, ni mimi. Nimemaliza nguo yako.”

Alingoja kwa mvua, halafu akaenda.

Nguo ameiacha kwa kiti cha nje, ndani ya karatasi ya nailoni isilowe. Nimeivaa. Imenikaa vizuri sana, na hakuna mtu wa kuniambia hivyo.