Nafasi ya Pili

Jumanne, 11 Juni 1974

Mpaka darajani na kurudi, kabla ya kazi. Baridi. Kichomi ubavu wa kushoto, kimeisha nilipopunguza mwendo. Majirani hapa Mabwerebwere, Kilosa, wameshanizoea. Zamani walikuwa wanasimama mlangoni kunitazama: karani mzima wa stesheni, miaka ishirini na tisa, kaptula, anakimbia na hakuna anayemfukuza. Sasa wanasalimia tu. Mke wangu Debora ndiye bado anaona haya. Hasemi, lakini kaptula anaianika nyuma ya nyumba.

Kazini mizigo mingi. Mabehewa mawili ya unga wa njano wa msaada. Foleni ya watu imefika hadi barabarani.

Alhamisi, 13 Juni

Nimekimbia na Salumu. Kijana wa Mvumi, kibarua wa mkonge huko Rudewa. Tulikutana barabarani mwezi wa pili, kila mtu akitokea upande wake, na tangu hapo tunakutana darajani mara tatu kwa wiki. Anakimbia peku. Hachoki. Kwenye mlima hunitangulia, kisha huinama akajifanya anatoa mwiba mguuni mpaka nimfikie. Nimeshamwangalia huo mguu. Hauna mwiba.

Jumamosi, 22 Juni

Bwana Michezo wa wilaya ametangaza mbio za Saba Saba. Kuanzia Rudewa, kumalizia kiwanja cha mpira hapa Kilosa. Maili kumi. Wawili wa kwanza wataiwakilisha wilaya kwenye mbio za mkoa, Mikumi, mwisho wa Julai. Na Mikumi watakuwepo watu wa timu ya kiwanda kimoja cha mkoani, wanatafuta wakimbiaji wa kuwaajiri.

Salumu ameniuliza mara mbili kama ni kweli. Mahindi yao mwaka huu yamekaukia shambani. Kibarua hapati kila siku. Ana mama, mke na watoto wawili. Halafu kuna habari kwamba wanahamishiwa kijiji kipya.

Mimi nina kazi. Kiwanda sikihitaji. Nataka tu jina langu lisomwe kwenye kipaza sauti. Nimeliandika hivyo nisije nikajidanganya.

Jumatano, 3 Julai

Mbio ndefu. Leo Salumu amesimama kweli, mikono magotini. Nilipomuuliza akasema jana kutwa nzima walikunywa uji tu. Mimi nilikuwa na chai na mkate tumboni. Nikasema Jumapili tutafanya vizuri.

Mwalimu mmoja wa Kimamba amejiandikisha. Huyo hashikiki. Maana yake imebaki nafasi moja, ya pili. Tunajua wote wawili. Hakuna aliyeitaja.

Jumapili, 7 Julai. Saba Saba

Nimekuwa wa pili. Niandike yote sasa, maana kesho nitaanza kuyapamba.

Tulianza watu kumi na wanane. Niliondoka kwa kasi mno, kulikuwa na wasichana wa shule pembeni wanaimba. Mwalimu wa Kimamba akapotea mbele. Salumu akanipita maili ya nne, akaniambia nipunguze. Sikupunguza. Katikati ya mkonge, jua limeshapanda, nikaona giza. Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka mchanga mdomoni.

Salumu alikuwa mbele yangu kama mita mia mbili. Wa pili, peke yake, njia nyeupe. Gari la wasimamizi lilikuwa limeshapita. Aligeuka. Akarudi. Kulikuwa na mama mmoja anatoka mtoni na ndoo kichwani, Salumu akamwomba maji, akaniosha uso, akaninywesha kwa viganja vyake. Akanishika mkono akaninyanyua.

Alisema, "Twende polepole, ndugu Elia. Tutafika."

Tukaenda. Alinitangulia hatua mbili, akinikinga upepo, anageuka kila mara kunitazama. Nyuma hapakuwa na mtu wa karibu. Nguvu zikanirudia. Nilikuwa nimekula mayai asubuhi. Yeye sijui alikula nini.

Tulipofika nyumba za kwanza za mjini nikasikia ngoma na kipaza sauti. Nikaongeza mwendo, nikawa sawa naye. Akanitazama, akatabasamu. "Vizuri," akasema. Alidhani nimepona, akafurahi. Mimi nilikuwa nimeshaamua.

Nilimwacha. Nilisikia miguu yake peku nyuma yangu ikijaribu. Ilijaribu kwa kitambo, kisha nikaacha kuisikia. Nilimshinda kwa hatua kumi, labda kumi na tano.

Wakasoma jina langu. Elia Mkunda, karani wa stesheni, nafasi ya pili. Wakalirudia. Salumu alikuja, akanipa mkono, akasema hongera. Hakunitazama. Hakungoja soda za wakimbiaji. Nilimwona anaondoka kwa miguu kuelekea Mvumi, fulana begani.

Sijavunja kanuni yoyote. Nimefikiria sana hilo. Hakuna kanuni.

Jumatatu, 8 Julai

Stesheni wamenipigia makofi. Bwana Stesheni mwenyewe ametoka ofisini. Wamenitaka nisimulie. Nimesimulia. Kuanguka sikukutaja. Salumu nimemtaja mara moja tu: "yule kijana wa tatu."

Jumatano, 10 Julai

Darajani. Hakuja.

Ijumaa, 12 Julai

Hakuja. Nimekaa kwenye ukingo wa daraja mpaka jua limetoka, nikachelewa kazini. Sijui ningemwambia nini angekuja.

Jumapili, 14 Julai

Kanisani. Mchungaji amehubiri juu ya uvumilivu, halafu akanisimamisha. Akasema nimewaonyesha vijana maana ya kupiga mbio kwa saburi. Watu wakageuka. Masikio yangu yalikuwa ya moto. Ningeweza kusema neno palepale. Nilikuwa nimesimama tayari, kazi ilikuwa kufungua mdomo tu. Nikainamisha kichwa. Wakadhani ni unyenyekevu.

Sikushiriki meza ya Bwana. Debora ameona.

Jumatano, 17 Julai

Nimemwambia Debora kila kitu. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. Nilitegemea anikaripie au anifariji, lolote. Nilipomaliza akauliza, "Mimi ndiye niliyekunyanyua barabarani?"

Nikasema hapana.

"Basi kwangu umekuja kufanya nini?"

Ana haki. Nimekwenda kulala bila kula.

Jumamosi, 20 Julai

Ningeweza kumwambia Bwana Michezo nimeumia mguu, wampeleke wa tatu. Nimeliwaza tangu Jumatano. Leo nilifika hadi mlangoni kwake. Alikuwa na fulana mpya mkononi, ya rangi ya kijani, mgongoni imeandikwa KILOSA. Akanipimisha. Ilinikaa.

Nimetoka nayo. Mimi ni mtu wa namna gani.

Ijumaa, 26 Julai. Mikumi

Nimekuja kwa treni ya asubuhi pamoja na mwalimu wa Kimamba. Mtu mpole, hazungumzi sana. Tumewekwa gesti moja kando ya barabara kuu. Malori ya Zambia yanapita mfululizo, kuta zinatetemeka, harufu ya dizeli hadi kwenye shuka. Jioni mwenye gesti amekuja kututazama sisi wakimbiaji, akasema tule tushibe. Wali na maharage. Nimeshindwa kumaliza.

Mwalimu ameniuliza yule kijana peku yuko wapi. Anasema alimwona siku ile Rudewa kabla ya kuanza, akajua huyo ndiye wa kumwogopa. Nimesema sijui.

Jumamosi, 27 Julai. Mikumi

Tumekimbia kwenye lami kutoka upande wa hifadhi mpaka mjini. Landrova ilitangulia kuangalia tembo. Hapakuwa na tembo, nyani tu barabarani, hawakutaka kuondoka.

Wakimbiaji kumi na wanne. Mimi wa kumi na moja. Hakuna kilichonipata. Sikuanguka, sikupata kichomi. Miguu ilikataa tu. Mwalimu amekuwa wa pili. Watu wa kiwanda wamechukua wanne wa kwanza. Wa nne nilimwangalia vizuri alipokuwa anamaliza. Salumu angemshinda huku anapiga soga.

Nilimfuata ofisa wa kiwanda. Mtu mnene, kofia, kalamu mbili mfukoni. Nikamsalimia, nikamwambia Kilosa kuna kijana mzuri kuliko wote aliowaona leo. Alinisikiliza. Akafungua daftari.

"Kwenye mbio zenu huyo kijana alikuwa wa ngapi?"

"Wa tatu."

"Nyuma yako wewe?"

Nikasema ndiyo.

Akanitazama toka kichwani mpaka miguuni, akafunga daftari. Hakuwa na dharau. Alikuwa amepiga hesabu yake tu. Hapo ndipo nilipotakiwa kueleza. Neno moja lingetosha, kwamba alirudi nyuma kuniokoa. Nikasema asante, nikaondoka.

Mara ya tatu hii. Kanisani, kwa Bwana Michezo, na hapa. Najichukia, na hata hilo halinisaidii kitu.

Jumanne, 30 Julai

Leo nimemweleza Bwana Michezo ukweli. Nimerudisha na fulana. Nikamwomba abadilishe matokeo, hata kwenye karatasi tu, aandike Salumu wa pili. Akacheka. Akasema ulikimbia, ukampita, ndiyo mbio hizo. Fulana akanirudishia, akasema nikae nayo kama kumbukumbu.

Nilikuwa nataka aniadhibu. Hakuna mtu mwenye kazi hiyo.

Alhamisi, 1 Agosti

Nimemuuliza Bwana Stesheni kama genge la vibarua wa reli linahitaji mtu, Salumu apate kazi. Hakuna nafasi. Kuna orodha, na yenyewe ni ndefu.

Jumamosi, 3 Agosti

Nimekwenda Mvumi. Nimeomba lifti kwenye lori la mkonge hadi Rudewa, kisha kwa miguu. Nilikuwa nimeelekezwa nyumba ya kina Salumu, nikaikuta haina paa. Jirani mmoja mzee alikuwa bado anafunga mizigo yake. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaninyooshea mkono. Wamehamia kijiji kipya, kandokando ya barabara.

Huko ni viwanja vilivyopimwa kwa mstari, na nguzo kila mahali. Salumu alikuwa juu ya ngazi anafunga fito kwa kamba za mkonge. Amekonda. Mke wake Zaina alinikaribisha kigoda. Sikukaa. Nilisimama chini ya ngazi kama mshtakiwa.

Nikamwambia nimekuja kwa habari ya Saba Saba. Hakushuka. Akaendelea kufunga.

"Kwa nini ulinipita?" akauliza.

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi njiani. Yote yalikuwa ya uongo. Nikasema, "Nilitaka watu walisikie jina langu."

Akakaza fundo. Zaina alikuwa amesimama na sufuria mkononi.

"Mimi nilitaka kazi," akasema.

Nikamweleza na Mikumi. Nafasi ya kumi na moja, ofisa, daftari, nilichosema na nilichokiacha. Nilidhani nikisema yote nitapata nafuu. Sikupata. Nilimwona anayasikia moja moja, na kila moja linamuuma upya.

Mwisho akanitazama. "Ningekuacha pale kwenye mkonge, saa hizi ningekuwa kiwandani."

"Ndiyo."

"Nimeliwaza hilo kila siku. Halafu naona haya kuliwaza." Akafuta jasho. "Bado nina hasira na wewe, Elia. Sijui itaisha lini. Shika huo mwisho wa fito, unateleza."

Nikaushika. Tumefunga mpaka alasiri. Hatukuongea tena, isipokuwa juu, chini, vuta, legeza.

Jumatano, 7 Agosti

Sijakimbia tangu Mikumi. Mikono ina malengelenge, kalamu inauma. Debora ameniuliza ilikuwaje, nikamweleza. Amenipaka mafuta viganjani, akauliza nyumba yao ina vyumba vingapi. Viwili. Akafunga konzi kadhaa za mchele kwenye kitambaa, akasema nikirudi nimpe Zaina.

Jumapili, 11 Agosti

Siku nzima kwa kina Salumu, kukandika. Zaina na wanawake wawili wanaleta maji, sisi tunakanyaga udongo. Mama yake Salumu amekaa kivulini. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo, macho hayaoni vizuri. Akamuuliza mwanawe huyu ni nani.

"Karani wa Kilosa," Salumu akasema. "Tulikuwa tunakimbia pamoja."

Mama akasema vizuri, akaniombea njia njema.

Tumekula ugali wa unga wa njano na mchicha. Salumu alinisogezea maji ya kunawa kabla yake, kama mgeni. Tumekandika kuta tatu, ya nne kesho kutwa. Amesema anaweza kuimaliza mwenyewe. Nikasema nitakuja. Akasema kama nina nafasi.

Nimerudi kwa miguu hadi Rudewa, kisha nikapata lori. Nimefika nyumbani jua linazama. Debora ameweka maji ya kuoga. Udongo umeganda kwenye vinyweleo vya mikono na hautoki kirahisi.